Mashine Iliyonitii Mimi

Atu mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi niliiitikia, na ya kesho nitaiitikia kituoni, ila hapa katikati nina neno na nimeona niliandike. Unanijua. Nikisimama mbele yako nikaanza kuongea, muda si mrefu nitakuwa natafuta maiki, na baada ya hapo nitakuwa nawaomba ndugu na jamaa wapige makofi. Kazi hiyo ya kuongoza sherehe ndiyo iliyokusomesha, siikatai. Lakini leo sitaki ukumbi. Nataka wewe na mimi tu, usome kwa mwendo wako, ukichoka uache, ukitaka kucheka ucheke.

Nimekaa kwenye kibanda cha spika, juu ya boksi la miksa, mlango nimeuegesha, na jua la alasiri linaingia kwenye matundu ya bati. Ndani ya nyumba mama yako na mama yako mdogo Tusa wanakupangia nguo. Nawasikia wakibishana kuhusu blanketi, mmoja anasema Dodoma kuna baridi, mwingine anasema Dodoma ni vumbi tu. Habari za blanketi, dawa, chaja, mafuta ya miguu na nani umpigie ukifika, waachie wao. Tusa atakaa nawe huko, anakujua mwili wako kuliko mimi. Mimi nimekuja na lile jambo letu la wiki hii, la kukusindikiza.

Jumapili uliponiambia hutaki niende nawe Dodoma nilikasirika, na sioni haya kulisema. Suti ya kijivu nilikuwa nimeshaipeleka kwa dobi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoingia kwenye hiyo ofisi yako mpya, niwasalimie wakubwa kwa itifaki, niseme, "Waheshimiwa, huyu mnayemwona hapa ni binti yangu Atupele, mwandishi wa programu za kompyuta. Akiongea msiwe na haraka. Mimi nipo, nitawaeleza anasema nini kwa siku hizi za mwanzo, mpaka mzoee." Nilidhani nakusafishia njia. Wewe ukanitazama, ukavuta pumzi ile ndefu, ukasema, "Baba. Wakikuzoea wewe, mimi watanizoea lini?" Mama yako akainuka, akaenda jikoni kufunua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Tangu siku hiyo sijakujibu. Nimekuwa napitapita mlangoni kwako nikijifanya natafuta waya. Jibu lako liko kwenye barua hii, ila nalifikia kwa kuzunguka, maana mtu wa maneno mengi hana njia ya mkato.

Ulizaliwa kwa shida, ukachelewa kulia, na baadaye tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Daktari alitueleza kwa upole: akili ya mtoto ipo timamu, ila mikono, shingo na ulimi vitakuwa vinapokea amri kwa tabu. Katika yote aliyosema mimi nilishika neno moja tu, ulimi. Nilikuwa kijana, nimetoka Tukuyu sina hata godoro, na mjini hapa nilikuwa nimeanza kula kwa ulimi wangu. Nikakutazama ulivyolala kifuani kwa mama yako nikajiambia, haina shida, wa kwangu utatutosha sote wawili.

Na kweli niliutumia. Kanisani, kliniki, dukani kwa Mangi, kote mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako. Ukitoa neno moja, mimi natoa kumi na chenji juu. Shangazi yako alipokuletea lile gauni la rangi ya machungwa lenye mabawa, ulimwambia "Sitaki" wazi kabisa, na mimi nikamgeukia nikasema, "Anasema ahsante sana shangazi, Mungu akuzidishie, atalivaa Krismasi." Ukalivaa Krismasi. Kwenye ile picha umenuna mpaka paji la uso limejikunja, na shangazi anatabasamu.

Lakini lililonikaa rohoni ni lile la siku tuliyokwenda kuomba nafasi shule ya msingi. Mwalimu mkuu, mama wa watu, alikupenda. Akainama akakuuliza, "Mwanangu, unataka nini?" Ukaanza kuvuta neno. Midomo ikafungwa, ikatafuta, "M... m..." na mimi sikungoja. Nikasema kwa sauti ya ukumbini, "Mwalimu! Anataka kuwa mwalimu, kama wewe mama!" Walimu wote mle ofisini wakapiga makofi, mmoja akajifuta machozi. Nikatoka pale nimevimba. Ulikuwa umeshakuwa msichana mkubwa, tunakula ugali siku moja, ndipo uliponiambia bila hasira kwamba siku ile ulikuwa na kiu, ulikuwa unaomba maji. Mama yako alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia, kisha nikashindwa kumaliza chakula changu.

Na kuna kosa la vidole, na hili wala halichekeshi. Ulipomaliza sekondari na kusema unataka kuandika programu za kompyuta, nilikutafutia ile laptopu ya mtumba pale Kariakoo, nikaamua kwamba utaandika kwa vidole. Mtaalamu wa viungo alikuwa amesema mazoezi ya mkono yanasaidia misuli isikaze. Mimi nilisikia kwamba mkono utapona. Basi kila jioni nakushika kifundo, nakupeleka kidole kwenye herufi, mkono unaruka, unabonyeza herufi za nusu ya kibodi kwa pamoja, jasho linakutoka, na mimi nakutia moyo kwa yale maneno yangu ya kuwaamsha wageni waje kucheza. Wewe ulikuwa unataka kuandika programu. Mimi nilikuwa nataka kidole. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na nilikupotezea muda mwingi kabla sijavitenganisha.

Aliyevitenganisha ni Mwalimu Sakina. Siku ya kwanza tuliyofika kwenye kile kituo cha mafunzo cha Kawe, nakumbuka nilimwona binti mdogo wa Kihindi, Khoja wa Upanga, kajitanda mtandio wake, nikadhani ni karani wa mapokezi. Kumbe ndiye mwenyewe, na Kiswahili chake kina kasi kunizidi mimi. Nikaanza kumwagia historia yako yote tangu kuzaliwa. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akachuchumaa mbele ya kiti chako akakuuliza wewe, "Atu, ni sehemu gani ya mwili wako inayokusikiliza zaidi?" Miaka yote ile nilijua kila kiungo kisichofanya kazi, sikuwa najua kinachofanya. Wewe ukasema, "Goti. La kushoto." Na ni kweli, maana ndilo ulilokuwa unagongea meza ukitaka tunyamaze.

Kassimu, fundi wangu wa muziki, akatengeneza swichi kwa kitufe cha kengele ya mlango, akakivisha mfuniko wa ndoo ya rangi kiwe kikubwa, akakifunga ubavuni mwa kiti usawa wa goti. Kwenye skrini herufi zikawa zinawaka kwa zamu, mstari kwa mstari, na taa ikifika kwenye ile unayoitaka unagonga. Ilikuwa kazi ya subira jamani. Mstari mmoja wa programu unaanza tunakunywa chai, unaisha chai imepoa kikombeni. Lakini ulikuwa mstari wako, hakuna aliyekushika kifundo. Nilikuwa nakaa nyuma yako nikiona taa imeipita herufi uliyoitaka, unasubiri izunguke tena, na wala hukunji uso. Mimi ndiye niliyekuwa natoka nje kwenda kuvuta hewa.

Hilo goti likaanza kuuma. Kwa hiyo Mwalimu Sakina akaleta ile programu ya kusikiliza sauti. Zile simu za watu zinazosikiliza tulikuwa tumezijaribu, zikakuandikia upuuzi, kwa sababu zimejifunza kwa watu wenye ndimi nyepesi. Hii ilikuwa tofauti, yenyewe ingejifunza kwako. Unachagua sauti chache unazoziweza, unairudia kila moja mara nyingi, mashine inashika kwamba Atu akitoa mlio huu ana maana hii. Ukachagua "toa" ya kufuta mstari, "panda" na "shuka" za kusogeza, "ma" ya kufungua mabano na "mba" ya kuyafunga. Na mimi, mjuaji, nikaingilia.

"Sasa mwanangu, 'mba' ndiyo neno gani? Weka maneno ya watu."

Ukanijibu, "Mashine haijui maneno, baba. Itanijua mimi."

Ningekusikia siku ile, yaliyofuata yasingetokea. Ulirekodi hapa nyumbani kila alasiri, na Gongo la Mboto hii si mahali pa kurekodia. Ndege inashuka uwanjani, unaanza upya. Kuku wa Mama Zuhura anataga na kutangaza, unaanza upya. Vijana wa kona wanafungulia singeli, unaanza upya. Siku ile shingo ilikuwa imekukaza na taya linatetemeka, ukalala kwenye kiti na maiki ya kichwani ungali nayo. Nikakuvua taratibu. Nikaona kwenye skrini zile sauti zilizobaki zinakusubiri. Nikakuonea huruma, mwanangu, huo ndio ukweli, huruma tu. Nikaivaa mimi. Nikasema "toa" kwa sauti safi ya kutoka tumboni, na mashine ikapokea bila ubishi. Nikaona kumbe kazi ni nyepesi. Nikazimaliza zilizobaki, kisha nikasikiliza zile zako za nyuma, nikaona zina mikwaruzo, zingine zimekatika, nikazifuta na hizo, nikaweka za kwangu. Nikaona nimekumalizia kazi kama mzazi anayemmalizia mtoto hesabu za shule, nikalala vizuri kabisa.

Unakumbuka tulivyokwenda Kawe. Kassimu anaendesha ile kirikuu, kigari chetu cha kubebea muziki, kiti chako tumekifunga kamba katikati ya spika mbili, mimi nimekaa juu ya jenereta nimekushikilia, na askari wa barabarani anatupungia mkono akidhani tunakwenda harusini. Ulikuwa na furaha. Ulikuwa na kazi yako ya majuma kadhaa kwenye laptopu, yote umeiandika kwa goti, na leo ungeanza kuiendesha kwa sauti.

Ukasema, "Toa." Kimya. Ukasema tena. Kimshale hakikusogea. Mwalimu Sakina akakagua waya, akabadilisha maiki, akasema, "Jaribu tena mpenzi, usiwe na presha." Ukajaribu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilikuwa mlangoni nakuona usoni unavyoanza kuamini kwamba ubovu ni wako. Na hapo hapo simu yangu ikaita, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Tabata, nami nikatoka hatua mbili kibarazani nikapokea.

"Mwenyekiti, nakusikia. Ile meza mbele ya maharusi toa. Toa, inaziba kamera! Na zile za pembeni toa. Nasema toa zote!"

Ndani nikasikia Mwalimu Sakina anapiga kelele, "Jamani inafuta! Inafuta yenyewe! Nani anaongea? Baba Atu, hebu nyamaza!"

Na mimi mdomo ulikuwa umeshashika mwendo, nikamalizia, "Na viti toa!"

Nilipoingia, mistari yako ilikuwa inaondoka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Sakina alichomoa maiki. Akafungua zile rekodi, akabonyeza moja, nikatoka mimi. Akabonyeza nyingine, mimi. Chumba kizima kikanisikia nikisema "mba" kwa sauti ya kukaribisha keki. Kuna kijana mmoja alicheka, akajizuia. Wewe hukucheka. Ulinigeukia ukasema, "Hiyo ni sauti yako, baba. Yangu iko wapi?" Ilikuchukua muda mrefu kuimaliza sentensi hiyo, na hapakuwa na mtu wa kukumalizia, maana mmaliziaji ndiye aliyekuwa anaulizwa.

Mimi, niliyewahi kuokoa sherehe iliyokatika umeme kwa kuongea peke yangu gizani, nikaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Kazi iliyofutika Mwalimu Sakina aliirudisha, alikuwa na nakala yake. Hilo la sauti ndilo halikuwa na nakala. Nilikuwa nimekufuta mwenyewe, kwa upendo, nikiwa na akili zangu timamu.

Njiani kurudi Kassimu alisema, "Braza MC, mbona leo umepoa? Unaumwa?" Ulininunia siku kadhaa, na ulikuwa na haki. Kisha ukamwambia mama yako sharti lako, kwamba utarekodi upya, yote, na ukianza kurekodi baba atoke nyumbani. Si akae kimya chumbani. Atoke.

Nikatoka. Kila alasiri nikawa nakwenda kukaa na wale vijana wa kona kwenye benchi lao. Siku ya kwanza nikawaambia, "Wanangu, naomba mshushe kidogo huo muziki, dada yenu anarekodi."

"Oyaa, sista Atu anatoa ngoma, MC? Prodyuza nani?"

"Hana prodyuza. Prodyuza wake amefukuzwa."

Walicheka sana, na muziki wakauzima kabisa, si kushusha tu. Siku zilizofuata walikuwa wanauzima wenyewe wakiniona nakuja. Nikikaa pale na mikono mapajani nikawa nakusikia kwa mbali, kupitia dirisha, ukirudia, ukirudia. Sikuwahi kukusikiliza hivyo. Nikiwa karibu nawe nilikuwa siku zote nasikiliza nipate maana nikaipeleke kwa watu. Pale kwenye benchi hapakuwa na wa kupelekewa. Nikagundua kwamba unapanda kidogo mwishoni mwa "toa," kama unaitania. Una sauti nzuri, Atu. Ina mikwaruzo na ni nzuri, na nilikuwa nimeishi nayo miaka yote hiyo bila kuisikia.

Halafu ile siku uliyoniita ndani. Ukasema, "Kaa." Nikakaa kitandani. Ukasema "toa", na mstari ukatoka. Ukasema "panda", kimshale kikapanda. Kisha ukaniambia, "Sasa wewe." Nikakohoa, nikasema "toa" kwa sauti ya kazini. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, nikaongeza tumbo. Mashine ikanikalia kimya. Ukacheka mpaka shingo ikakuangukia begani na mama yako akaja mbio akidhani kuna tatizo. Nimesimama mbele ya maelfu ya watu katika maisha yangu, na hakuna siku kunyamaziwa kulinifurahisha hivyo. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Hukuniona, au uliniona ukanistahi.

Programu yako ya kwanza ya maana ilinihusu mimi, na hukuniomba ruhusa. Kila mtu kwenye ratiba ya sherehe amewekewa muda wake, akizidisha skrini inageuka njano, kisha nyekundu. Ulinionyesha hiyo nikakusifu, nikasema itawasaidia wale wajomba wasioachia maiki. Hukuniambia kuwa umeniwekea na mimi muda wangu. Wala hukuniambia kwamba Kassimu ameunganisha laptopu kwenye spika. Basi ukumbini Tabata, sendofu ya kumuaga bibi harusi, ya watu wazito, niko katikati ya utani wangu wa wakwe, nimenoga, nikasikia kengele, na sauti yako uliyoirekodi ikajaza ukumbi: "Baba, inatosha."

Watu waliangua kicheko, wakadhani ni sehemu ya shoo. Baba wa bibi harusi akauliza kwa sauti, "Nani huyo?" Nikasema ni binti yangu. Na nikawa nimeshafungua mdomo kuwaeleza ulichosema, kabla sijagundua kwamba kila mtu mle ndani alikuwa ameelewa. Walikuelewa, Atu, wapishi mpaka walinzi. Nikaurudisha mkono wa maiki chini nikawakaribisha wageni chakula.

Ndiyo maana hao wa Dodoma walipotaka kuzungumza nawe kwa video, baada ya Mwalimu Sakina kuwapelekea kazi zako, sikuingia chumbani. Nilikaa nje chini ya dirisha, mama yako amenishika shati kwa nyuma. Wakakuuliza kwa nini wakuchukue wewe. Ukaanza. Kukawa na ule ukimya wako mrefu, na mimi ndani ya kichwa changu nilikuwa na majibu matatu mazuri ajabu, yote yana mwanzo na mwisho. Yule mwanamume wa kule akakosa subira, akaanza kukumalizia, "Una maana kwamba..." Ukamkata. Ukasema, "Ngoja." Na yeye akangoja. Nilikusikia ukimaliza, na ulichosema hakikuwa hata kimoja kati ya vile vitatu vyangu. Kilikuwa bora. Mama yako akaniachia shati.

Hilo la "ngoja" mimi sikukufundisha. Ulijifunza kwa kuishi na mtu asiyengoja.

Sasa jibu lako. Siendi Dodoma. Suti nimeirudisha mwenyewe kabatini, itangoja sherehe nyingine. Sikudanganyi kwamba nimeridhika. Naogopa. Naogopa siku za uchovu, taya likikaza, mashine yenyewe ikikushangaa, na watu wanaangalia saa. Naogopa kwamba utakaa kwenye kikao na jambo zuri mdomoni na watahamia ajenda nyingine. Yatatokea hayo, na sitakuwepo, na hata ningekuwepo ningeyaharibu kwa namna yangu.

Ila nina jambo moja ninalolijua kwa sababu nimekuwa ndani yake. Atakayekudharau utamtambua mapema, na najua utamweza, una mdomo mchafu kidogo kama wa mama yako. Atakayekusumbua ni mtu mwema. Atakuja na tabasamu, atakupenda haraka, atasema "usijichoshe Atu, nimeshaelewa," atakuandikia, atakujibia, atakumalizia, na watu watamsifu. Utaona vigumu kumkatalia kwa sababu ana moyo mzuri. Huyo ni mimi, mwanangu. Umetumia miaka mingi kunihurumia mimi. Huyo wa Dodoma usimhurumie muda mrefu hivyo.

Na ukiwa unahitaji msaada wa kweli, omba, maana kuna siku goti nalo litagoma. Ukitaka tu kukaa na mtu, nipigie. Huna haja ya kuwa na habari. Nitashika simu sikioni na sitaongea mpaka umalize, hata vocha ikikatika nitaweka nyingine niendelee kukusubiri. Nitajitahidi, kwa kweli. Nikiteleza nakuruhusu ukate simu.

Nakupenda kwa namna ambayo sijapata kuiweka kwenye maiki. Nimekuwa nikisema kwa niaba yako tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa, na nilidhani huo ndio upendo wenyewe, mpaka nilipofukuzwa nyumbani kwangu nikaenda kukaa kwenye benchi.

Kesho pale kituo cha treni tutapanga foleni. Mama yako atalia, Tusa atashika mizigo, mimi nitasukuma kiti. Tutafika kwa yule anayekagua tiketi, naye atafanya kama wanavyofanya wote: atakupita wewe kwa macho, atanitazama mimi niliyesimama nyuma yako, na ataniuliza, "Anaitwa nani?" Jana nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nitafunga mdomo, nitakutazama wewe, na foleni yote ya Dodoma itangoja.

Baba yako,
Gongo la Mboto